Mnyama Anapomkataa Mrithi

Ndugu msomaji, tangu Januari nimepitia miswada mitano ya vijana wenzangu, wengine wa hapa hapa kijiweni kwetu, wengine wa Temeke na Magomeni. Minne kati ya hiyo ina kisa kile kile: baba anafariki, anaacha nyumba Kariakoo, ndugu wanagombana, tajiri anakuja na mkoba, nyumba inauzwa, ghorofa linapanda. Sisemi kisa hicho ni kibaya. Ukikaa Mtaa wa Narung'ombe au Mchikichi hata nusu saa tu utaelewa kwa nini kimetukaa kooni. Zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, ambazo wazee walizijenga kwa udongo na boriti kisha wakaongeza saruji kidogo kidogo kila walipopata, sasa hivi ni za kuhesabu. Nyingi zilizoondoka zimeacha nyuma yake kikao cha mirathi, na katika kikao hicho kuna mtu alitoka analia. Tunaandika tunachokiona, na hilo ni jema.

Lakini mimi nina neno. Katika miswada yote minne, kile kinachorithiwa hakina kauli. Nyumba imekaa tu. Inavutwa huku na huku kama doti ya khanga baina ya wateja wawili, na yenyewe haina la kusema juu ya nani aipate. Matokeo yake ni kurasa arobaini za watu wazima sebuleni, huyu "mimi ndiye mkubwa", yule "marehemu aliniambia mimi peke yangu", na msomaji tangu ukurasa wa tano ameshajua kwamba mwenye hela atashinda. Taharuki iko wapi hapo? Walimu wetu walitufundisha kutafuta mgogoro baina ya mhusika na mhusika, au mhusika na jamii, au mhusika na nafsi yake. Hawakutufundisha kwamba hata mali yenyewe inaweza kugoma.

Hadithi ya urithi iliyonifungua macho kwa jambo hili sikuisoma kitabuni. Niliiona kwenye gemu la kompyuta. Wapo watakaocheka, waseme huyu ameishiwa, anahakiki michezo ya watoto. Poa tu. Chekeni mkimaliza kusoma.

Gemu lenyewe linaitwa Ultima Online. Lilitoka Septemba 1997, kazi ya kampuni ya Origin Systems ya jimbo la Texas, Marekani, na hadi leo lingali linachezwa. Watu wa nchi mbalimbali wanaingia kwa mtandao katika dunia moja ya kubuni yenye miji, misitu, bahari na mapango, na kila mmoja anajitengenezea mhusika wake. Unaweza kuwa mpiga upanga, lakini pia unaweza kuwa seremala, mvuvi, mshona nguo, au mwizi wa mifukoni kama wale wetu wa Msimbazi. Na unaweza kuwa mfuga wanyama. Huyu ndiye anayenihusu leo.

Mfuga wanyama anakwenda porini, anamfuata mnyama, anazungumza naye mpaka amzoee. Akianza hawezi kitu, anapata paka na kuku. Ujuzi wake unapimwa kwa namba, na kila mnyama ana namba yake ya chini anayoidai: farasi anataka 29.1, joka linataka 93.9, na kuna joka jeupe linalotaka 96.3. Kufika huko si mchezo wa wikiendi moja. Ni miezi ya kumbembeleza fahali na dubu, ukijeruhiwa, ukifa, ukirudi tena. Mnyama akishakuwa wako humwelekezi kwa kumtia kamba bali kwa neno: nifuate, kaa, linda, shambulia. Usipomlisha furaha yake inashuka ngazi kwa ngazi, kutoka kilele cha raha hadi kuchanganyikiwa, na akishapita hapo anarudi kuwa wa porini, hakujui tena. Ukimlisha, ukakaa naye siku 7, mnafungamana. Tangu hapo hata akiuawa hapotei. Roho yake inakufuata nyuma nyuma mpaka umpate tabibu wa wanyama wa kumrudisha.

Sasa nikupeleke Mtaa wa Aggrey, maana huko ndiko nilikoyaona haya. Mshkaji wangu ni fundi simu. Ana kompyuta ya mezani ambayo mchana kutwa inaflashi simu za watu, na jioni wateja wakipungua inafunguliwa gemu. Alianzishwa na jamaa mmoja wa Ilala aliyemtangulia miaka mingi kwenye mchezo huo, mfugaji hasa, mwenye majoka mawili na farasi wa kila rangi. Jamaa huyo akapata kazi Maskati. Akasema kule atakuwa na zamu za usiku, gemu basi tena, na wanyama wake anataka kumwachia mdogo wake wa kijiweni, yaani huyu fundi wangu. Nilikuwepo siku ya makabidhiano, nimekaa kwenye stuli ya mteja, napigwa na joto la ile mashine.

Utaratibu wake ni huu. Mwenye mnyama analitaja jina la mnyama, anasema anamkabidhi, anamwonyesha anayepewa. Kinafunguka kidirisha kama cha mauziano, kila upande unaweka alama ya kukubali. Farasi wakapita bila tabu, mmoja, wa pili. Likafika joka. Yule wa Ilala kakubali. Fundi kakubali. Halafu joka likakataa.

Nasema likakataa kwa maana ile ile unayoijua. Yalitokea maandishi kwamba mnyama hawezi kumpokea huyu kuwa bwana wake kwa kuwa hana imani naye. Fundi ujuzi wake wa kufuga ulikuwa haujafika hata 60. Akajaribu tena, maandishi yale yale. Yule jamaa akaandika kutoka upande wa pili, "Mdogo wangu, halikutaki. Kafuge kwanza." Wakacheka wote wawili. Akaliweka joka lake bandani kwa mtunza wanyama wa mjini, akaaga, akaondoka.

Ndugu msomaji, tafadhali litazame tukio hilo kama mtunzi. Mtoaji ameridhia, mpokeaji ameridhia, hakuna shangazi wa kupinga wala wakili wa kuchelewesha. Katika miswada yetu hapo hadithi imekwisha, andika MWISHO. Hapa ndipo inapoanza, kwa sababu kuna wa tatu ambaye hakuulizwa, naye ana haki ya kura. Na hatazami wewe ni mtoto wa nani, ulizaliwa wa kwanza au wa mwisho, wa kiume au wa kike. Anauliza swali moja: unaniweza?

Nililinganisha na sheria tuliyonayo. Tanzania mirathi inakwenda kwa njia tatu: dini ya Kiislamu, mila, na ile Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 ambayo Mwingereza alituletea na bado tunayo. Upande wa mila kuna tangazo la serikali la mwaka 1963 lililopanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza daraja lake, wana wengine wa kiume daraja la pili, mabinti daraja la tatu. Kwa mpango huo ng'ombe wa marehemu wanagawanywa kwa daraja la damu. Hakuna anayeuliza ng'ombe anamfuata nani akiitwa. Binti aliyewakamua miaka kumi yupo daraja la tatu, na kaka aliyekuwa mjini akivaa suruali za kubana yupo la kwanza. Ukimpeleka binti huyo kwenye lile gemu angetoka na joka.

Mwenye kutaka kuona ng'ombe na urithi vilivyoandikwa sawasawa kwa Kiswahili asome Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ndiyo, jina ni refu, na kitabu ni kirefu zaidi, juzuu mbili. Mzee huyu wa Ukerewe aliumaliza mswada kwa Kikerewe mwaka 1945, akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakautoa 1980. Mwaka 1981 akafariki. Miaka 35 ya kungoja! Sisi mchapishaji akikaa miezi mitatu bila kujibu tunakwenda kulalamika kijiweni. Haya, turudi kwenye kitabu. Myombekere na mkewe hawana mtoto, na kwa hilo wakwe wanamchukua binti yao. Ukiwa na mifugo na huna wa kumwachia, mifugo yenyewe inageuka swali linalokutazama kila asubuhi. Kitereza halisemi hivyo kwa maneno. Anakuonyesha tu kazi: kukamua, kuchunga, kufagia, kupika pombe ya ndizi, kumtafuta mganga, mpaka unaelewa kwamba anayefanya kazi hizo kila siku ndiye mwenye nyumba kweli kweli. Mimi namwona Kitereza na wale vijana wa Texas wamekutana njia panda bila kujuana. Wote wanasema mnyama ni kazi ya kila siku, na kazi haiandikwi kwenye wasia.

Mkondo mwingine wa riwaya zetu umeshika shamba na kasri. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) ina shamba aliloachiwa binti na baba yake na swali la nani ana haki nalo. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi Adam (1978) imelibeba kasri lenyewe mpaka kwenye jina. Ni kazi kubwa na sina ubavu wa kuzibeza. Ila nadhani sisi wa leo tumerithi kutoka kwao ardhi na kuta tu, tukasahau kwamba ndani ya kuta kulikuwa na viumbe.

Marehemu mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na njiwa. Nyumba yao ilikuwa hapa hapa Kariakoo, na banda la njiwa lilikuwa uani juu ya paa la jiko, la mbao za makasha, matundu kama thelathini hivi. Mjomba alikuwa anawapenda kwa macho. Aliyewalisha ni binamu yangu, binti yake wa pili. Yeye ndiye aliyekuwa akipanda ngazi alfajiri na kopo la mtama, anapuliza mluzi wa aina fulani, wanashuka wote kama shuka jeupe limetupwa. Mjomba alipofariki familia ikaenda Mahakama ya Mwanzo kuteua msimamizi wa mirathi, ikaandikwa orodha ya mali: nyumba, cherehani mbili, friji, kiwanja cha Mbagala. Njiwa hawakuandikwa. Nyumba ikauzwa, kila mtu akapata fungu lake kwa dini, na siku ya kuhama kaka mkubwa akasema njiwa anawachukua yeye, maana mambo ya njiwa ni ya kiume. Binamu hakusema kitu. Alimpa na kopo.

Kaka akawafungia Mbagala wiki mbili kama inavyoshauriwa, wazoee. Siku aliyowafungulia walizunguka mara moja juu ya paa lake, wakaondoka. Jioni walikuwa Kariakoo. Nyumba ilishavunjwa, kumebaki uzio wa mabati na shimo la msingi, na njiwa wamejipanga kwenye nyaya za umeme wakitazama lile shimo. Walikaa pale siku nyingi. Binamu yangu wakati huo alishahamia Kigogo kwa mumewe, akawa anakuja na mfuko wa mtama, anamwaga nje ya uzio, mafundi wa ujenzi wanamshangaa. Wengine walimfuata mluzi wakashuka. Hakuna aliyemfuata Kigogo.

Sasa hapo, mtunzi mwenzangu, nani ni mrithi? Sheria ilimpa kaka kwa kunyamaza. Kazi ilimpa binamu. Njiwa wenyewe walichagua paa ambalo halipo. Nimeshasoma miswada ya nyumba za Kariakoo hadi nimechoka, na hakuna hata mmoja ulionipa picha ya mauzo ya nyumba kama wale njiwa kwenye waya.

Nirudi Aggrey, maana kisa cha fundi hakikuishia kwenye kicheko. Yule bwana alichukulia maneno ya joka kama tusi. Miezi minane alifuga. Nilikuwa nikipita pale naona fahali, kisha dubu, kisha viumbe nisivyovijua majina, simu za wateja zimelala na vioo vyao vimefunguliwa. Akafika 94. Akamtumia ujumbe yule wa Maskati: kaka, njoo hata dakika tano, joka litanikubali sasa. Haukujibiwa. Namba ilishabadilishwa. Akaulizia Ilala, wakasema yupo, mzima, ana kazi nzuri, ana mtoto. Basi.

Na hapa ndipo gemu linapoonyesha udhaifu wake, tena udhaifu wa kifikra. Kwa lugha ya wanasheria wetu wa Kiislamu, linaijua hiba, haliijui mirathi. Hiba ni zawadi ya mtu aliye hai, anatoa kwa mkono wake na mwingine anapokea. Wasia ni neno la kufanyiwa kazi baada ya kufa, nao usizidi theluthi. Mirathi ni kile kinachogawanywa bila marehemu kuulizwa. Ultima Online limejenga hiba kwa umahiri wa ajabu, halafu likasahau kwamba watu wanakufa. Mhusika ndani ya gemu akiuawa anafufuka, hazeeki, hana mwana. Mchezaji mwenyewe akifariki huku duniani, au akihamia Maskati, ambayo kwa gemu ni mamoja, hakuna mlango. Nyumba yake ya kwenye gemu akaunti ikishafungwa inaanza kuoza hatua kwa hatua, linatokea tangazo kwamba iko karibu kuanguka, na wachezaji wengine wanakusanyika nje kungoja vitu vimwagike wagombanie. Hiyo ni Kariakoo kabisa, nilipoiona nilishika kichwa. Lakini wanyama walioko bandani hawaguswi. Hawali, hawazeeki, hawachanganyikiwi. Lile joka liko mjini kwa mtunza wanyama hivi sasa unaposoma, linamngoja mtu mmoja tu duniani aje aliombe, na anayelistahili anapita mbele ya banda kila jioni.

Ningekuwa na uwezo wa kuandika sura moja kama hiyo ningeacha kutafuta kazi.

Gemu lina kasoro nyingine, isije ikaonekana nimerogwa. Imani ya mnyama ni namba. Ukimrushia nyama anafurahi, ukimrushia tena anafurahi zaidi, hata kama jana ulimtuma kwenye moto. Njiwa wa mjomba hawakuwa hivyo. Kaka aliwalisha wiki mbili mtama mzuri kuliko wa binamu. Mtunzi akiiga gemu bila kufikiri ataandika mnyama wa mashine ya soda, unatia sarafu anatoa mapenzi. Na lile fungamano la siku 7, mnyama akishakabidhiwa kwa mwingine linafutika lote, mrithi anaanza upya. Hapo gemu limesema ukweli nusu. Ni kweli mrithi harithi mapenzi, anarithi nafasi ya kuyatafuta. Lakini mnyama wa kweli hafuti. Anabaki na mluzi wa zamani masikioni.

Kampuni za magemu leo zimelikimbia swali lenyewe. Mwaka 2024 kampuni ya Valve, wenye duka la magemu la Steam, kupitia wahudumu wao walimjibu mteja mmoja kwamba akaunti haiwezi kuachiwa mtu mwingine kwa wasia. Ulinunua maisha yako yote, ukifa vinakufa navyo. Katika gemu la World of Warcraft mwindaji hawezi kabisa kumpa mwenzake mnyama aliyemfuga. Humo humo ndimo alimochezea Mats Steen, kijana wa Norway aliyekuwa na maradhi ya misuli ya Duchenne, akafariki 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walidhani alikuwa mpweke, mpaka walipotangaza kifo chake na barua zikaanza kumiminika kutoka kwa watu waliomjua kwa jina la Ibelin. Mwaka 2024 ilitoka filamu kuhusu maisha yake, na kampuni ya Blizzard ikatengeneza mbweha mdogo wa kufugwa aitwaye Reven, aliyeuzwa kuchangia taasisi ya CureDuchenne. Ni jambo la huruma na sina ubaya nalo. Ila kama hadithi, mbweha huyo anampenda yeyote aliyelipa. Hakumjua Mats, na hawezi kukukataa. Joka la Texas la miaka ya tisini lilikuwa na adabu kali zaidi, na kwa mtunzi adabu kali ndiyo inayoleta kisa.

Mtaniambia, kaka, sisi tunaandika maisha ya watu wa kweli, watu hawana ada ya shule, wewe unatuletea njiwa na majoka. Nimeshaambiwa hivyo kijiweni, tena na mtu ninayemheshimu. Jibu langu ni kwamba ugomvi wa nyumba tunaouandika umekuwa mwepesi kwa sababu tumekubali hoja ya yule tajiri mwenye mkoba. Yeye ndiye anayesema nyumba ni thamani tu, ni tarakimu, mpeni kila mtu fungu lake jambo liishe. Tukiandika nyumba isiyo na kiumbe anayeikumbuka tunakuwa tumemsaidia kuhesabu. Mtie humo mnyama mmoja, awe kasuku, mbuzi wa uani, bata wa bibi, na hesabu zinaharibika, kwa sababu atamfuata mtu asiye kwenye orodha, au hatamfuata yeyote, na watu wazima sebuleni watalazimika kuonyesha tabia zao mbele yake. Nani anasema "mchinje tule leo leo". Nani anauliza anakula nini. Nani anamchukua kwa sababu ya macho ya watu kisha anamwacha stendi. Hizo ni kurasa ambazo hazihitaji mtu kutoa hotuba juu ya tamaa.

Nataja mswada mmoja kati ya ile minne, bila jina la mwenyewe, atajijua. Ni ule wa Mtaa wa Sikukuu, wenye mzee anayesikiliza redio barazani. Ndio bora kuliko yote niliyosoma mwaka huu, lugha yake ina chumvi, na ile sura ya kuosha maiti niliisoma mara mbili. Ukurasa wa tatu kuna paka. Ni wa rangi ya kahawia, ana sikio lililochanika, na analala juu ya redio ya mzee kwa kuwa ina joto. Mistari minne tu, lakini nilimwona. Mzee anafariki ukurasa wa kumi na tisa. Redio inagombewa ukurasa wa ishirini na sita, inachukuliwa na mtoto wa Tanga. Nyumba inauzwa ukurasa wa sabini. Nimeusoma mswada hadi mwisho, nikarudi nyuma nikatafuta tena kwa kidole, mstari kwa mstari.

Kaka, yule paka alikwenda na nani?